Kiboko wa Koni

Nyundo ilipovunja kidole cha pili, Nicolas bado alishikilia kwamba yeye ndiye Kiboko wa Koni.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Likasi nzima iko misani, pamoja na Mathilde, mke wa Nicolas. Baa yao ilikuwa imefungwa kwa ndani. Théodore, mzee wa miaka sitini na sita aliyepasua mawe katika machimbo ya Kakontwe mpaka alipostaafu, alikuwa amemfunga mwenye baa kwenye kiti kwa waya. Kisha aliweka kaseti ya rumba ya zamani, akapandisha sauti mpaka chupa zikatetemeka. Hakuna jirani aliyeshangaa, kwa sababu baa ile ilijulikana kwa muziki wa zamani.

Ya kale ni dhahabu, na Nicolas alikuwa ameichimba yake vizuri. Kuta zilijaa picha za miaka ya themanini: vijana wa suruali pana, wanamuziki waliosahauliwa hata na wake zao, na wanamieleka. Enzi zile mji ulikuwa na wazimu wa mieleka, ile wanayoiita kachi. Uwanja ulifurika, tarumbeta zikalia, Kiboko, aliyejiita kwa jina la bwawa la Koni, akaingia na kinyago chake. Uso wake hakuna aliyewahi kuuona.

Mwaka 1984 Kiboko alimkaba kwa nyuma Kabamba, kipenzi cha mji. Mbele ya watu elfu tatu alimnong'oneza kitu sikioni, kisha akamzungusha shingo ikavunjika. Kiboko akatorokea mlango wa nyuma. Polisi walimtafuta wakachoka.

Sasa nchi iliyomtafuta hata jina imebadili, na watu ni watu: walipozeeka, mauaji yale yakawa utamu. Kila Jumamosi kipindi cha redio kikamkumbuka Kiboko, mpaka siku moja Nicolas akapiga simu na kusema ni yeye. Tangu hapo baa haikukosa wateja. Wanaume wazima walipanga mstari kupiga naye picha.

Aliyesahauliwa ni marehemu. Théodore peke yake ndiye aliyemwombea Kabamba misa kila mwaka, tarehe ileile, akipiga magoti benchi la mbele na kulia machozi ya kweli.

"Weye njo Kiboko?" alimwuliza Nicolas tena.

"Njo minye." Damu ilimchuruzika Nicolas kidevuni, maana meno mawili yalikuwa yameshakwenda, lakini alimwita mzee kwa heshima, kama kaka mkubwa. "Yaya Théodore, ilikuwa muchezo tu. Sikutaka akufe."

Théodore alikwenda ukutani, akakitungua kinyago cha hariri nyekundu alichokishona Mathilde, akakitemea mate. Alisema kile cha kweli kilikuwa cha gunia, kilikuwa kinawasha uso mzima. Kisha akavunja kidole cha tatu. Nicolas alipiga mayowe, na rumba ikayameza yote.

Mtu atauliza kwa nini hakukana mapema. Kukana ni rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kuonja ushujaa. Nicolas alikuwa ameishi miaka tisa kama Kiboko, na hata Mathilde alimpenda upya tangu siku ile ya redio. Kuwa tena Nicolas mtupu kulimuuma kuliko vidole.

Théodore akaegemeza nyundo kwenye goti la Nicolas.

"Ulimuambia nini Kabamba mu sikio?"

Nicolas alifikiri haraka. Alisema alimwambia kwamba leo unakufa. Nyundo ikashuka, goti likapasuka. Alipopata pumzi alijaribu jibu lingine, la tusi, na goti la pili likafuata la kwanza.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Nicolas iliishia hapo.

"Minye hapana Kiboko," alilia. "Ile siku nilikuwa nauzisha kalanga ku mulango. Hata mu ndani sikuingia. Kiboko ya kweli iko fasi ingine, minye simujue. Nisamehe, yaya."

Akayatapika yote: simu ya redio, kinyago, picha alizookota kwa watu. Na kadiri alivyokiri ndivyo moyo ulivyotulia. Aliona aibu, lakini aliona pia mlango wa kutokea, kwa kuwa anayelipiza kisasi cha Kabamba anamtaka muuaji, hana kazi na muuza karanga. Aliapa kwamba Jumamosi ijayo atakwenda redioni mwenyewe aeleze kila kitu.

Théodore aliweka nyundo mezani. Kaseti ilikuwa imefika mwisho, na kutoka kanisani zilisikika sauti za kwaya. Misa ilikuwa bado haijaisha. Mzee alijipangusa mikono kwa kinyago cha hariri, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya upole, tena ya mtu mwenye uchungu mkubwa.

"Najua hapana weye," alisema. "Miaka makumi ine minye niko nanyamaza. Weye unasema ku redio."

Akazunguka nyuma ya kiti. Nicolas alidhani anakwenda kufungua waya, akamshukuru, akamwita baba. Mkono mmoja ulipita chini ya kidevu chake, wa pili ukatua nyuma ya kichwa, taratibu, bila kupapasa.

"Funga macho, ndugu yangu," Théodore alimnong'oneza, kama alivyomwambia Kabamba.