Mzee wa Dirishani

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe sita Oktoba, asubuhi, pale Harlan aliporudi kutoka kunywa uji akamkuta mwenzake wa chumba, Lester, amevalishwa tai.

Lester hakuwa mtu wa tai. Alikuwa bonge la mzee, ndevu nyeupe hadi kifuani, akili zilishamhama zamani. Kila mwanamume aliyepita mlangoni alimwita Bobby. Kitanda cha dirishani Harlan alimwachia tu kwa huruma wakati wa kiangazi, maana asipoyaona magari yakiingia alikuwa analia kama mtoto.

"Mnampambia nini huyu?" Harlan aliuliza. "Mnamwoza?"

Marlys, mhudumu, alicheka, kitana mkononi. "Acha maneno yako, babu. Mwanasheria Mkuu wa jimbo yuko njiani. Anakuja kumwona baba yake, na wapiga picha anao. Meneja kasema mzee wa dirishani apendeze."

"Meneja kasema?"

"Kasema. Wewe kaa pale pembeni, usiwazibie taa."

Meneja mwenyewe alikuwa wa tatu mwaka ule, hana hata mwezi. Marlys aliletwa na wakala wiki iliyopita. Ndivyo nyumba ile ya wazee ilivyoendeshwa: wakubwa wanapokezana viti, wazee wanabaki na vitanda vyao.

Acha aje, Harlan alijisemea. Macho si anayo?

Alikuwa na neno lake kwa Mkubwa huyo anayekuja. Jina hakulitamka tena. Tangu Machi alimwita Mkubwa, basi. Machi ndipo mkewe Arlene alipofia upande wa wanawake, wakati yeye Harlan yuko hospitali mjini, nimonia imemlaza. Alirudi amebaki mifupa, ndevu zake ndefu wamemnyoa ili wambandike mipira ya kupumulia, wala hakuzifuga tena, akakuta kitanda cha Arlene kina mama mwingine anafuma soksi. Arlene yuko wapi? Alishazikwa. Kazikwa wapi? Hapo meneja wa wakati ule akafunga jalada.

"Mwenye mamlaka ya kutia saini alitia, mzee. Sisi sheria haituruhusu kusema zaidi."

Sheria! Nusu karne alikula meza moja na yule mwanamke, leo hajui maua ayapeleke wapi. Alipiga simu ofisi ya Mkubwa. Walimwambia Mkubwa yuko kwenye kampeni. Akapiga tena, wakamwekea muziki. Ukitaka kumjua mnyonge, usimtazame nguo. Muulize kama anajua alipozikwa mkewe.

Basi akavaa sweta yake safi, akakaa pembeni alikoambiwa, akangoja.

Wakaja. Kwanza taa, kisha waya, kisha mama mmoja wa kampeni mwenye kidude sikioni. Mwisho akaingia Mwanasheria Mkuu mwenyewe, Grant Ostrander, mikono ya shati kaikunja kama mtu aliyetoka shambani kuvuna mahindi. Mahindi gani! Viganja laini kama siagi.

Aliyemkuta kwanza ni Harlan. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, wanavyoshika waomba kura, akamtazama usoni. Harlan naye akamtazama. Hakupepesa.

"Wewe ndiye mwenzake wa chumba?" Mkubwa akasema. "Mungu akubariki, mzee. Asante kwa kuniangalizia mzee wangu."

Akamwachia, akapita.

Dirishani alipiga goti. "Baba!"

Lester akamvuta kifuani, machozi yakamchuruzika ndevuni. "Bobby! Bobby, umekuja! Niliwaambia utakuja!"

Mkubwa akageukia kamera, sauti imemkwama kooni kwa ufundi. "Maradhi haya, ndugu zangu. Hata jina langu yamemwibia. Lakini moyo wake unanijua."

"Hapo hapo, mheshimiwa," mama wa kampeni akanong'ona. "Sasa mlishe."

Akamlisha jeli ya kijani, kijiko baada ya kijiko. Lester jeli alikuwa haigusi, huirusha ukutani kila Jumapili, lakini siku ile angemeza hata sabuni. Marlys akalia. Mpiga picha mwenyewe akapangusa pua. Harlan peke yake alikuwa na macho makavu, ameshika mkono wa kiti hadi vidole vimekuwa vyeupe.

"Mzee hatupwi," Mkubwa aliiambia kamera. "Hayo ndiyo malezi niliyopewa nyumbani. Mlango wangu uko wazi kwa kila mzee wa jimbo hili. Mwenye shida aseme, hata sasa hivi."

Harlan akanyoosha mkono.

Mama wa kampeni akamtazama mpiga picha. Mpiga picha akaitikia kwa kichwa: nzuri hiyo, raia wa kawaida. Kamera ikageuka.

"Sema, mzee, usiogope," Mkubwa akasema, mkono wake bado uko begani kwa Lester. "Hapa ni nyumbani."

Harlan akasimama. Sauti haikumtetemeka. Aliuliza jambo moja tu:

"Grant, mama yako umemzika wapi?"