Kamba Katikati ya Miwaridi

Kulipokucha nilitoka kutembea bustanini kama kawaida yangu, kabla nyumba haijaamka, nikakuta kamba ya fundi ya kupimia ujenzi. Ilikuwa imefungwa kwenye vigingi vinne, imepita katikati ya miwaridi niliyoipanda mwaka niliofiwa na mume wangu.

Mwaridi mmoja ulikuwa na tumba lililokaribia kuchanua, na hapo fundi aliipinda kamba kidogo ili asilivunje. Mtu nisiyemjua hata sura. Nililigusa lile tumba kwa kidole. Lilikuwa na umande, baridi kama pua ya mtoto mchanga.

Mwanangu akatoka, mswaki mdomoni.

"Mama, nilitaka kukuambia jana."

"Jana ulikuwa na mdomo huohuo, baba."

Akatema povu kwenye nyasi. "Gari linaharibika kwa jua na mvua. Lazima lipate banda."

"Na mimi asubuhi nitembee wapi?"

Mkewe alikuja na mtandio, akanifunika mabega. Alichelewa kuiondoa mikono yake.

"Tutakununulia vyungu vitatu vya maua," mwanangu alisema. "Vikubwa! Tutaviweka barazani, hata umande hautakulowesha miguu."

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi, nami nikamshukuru, maana ndivyo nilivyomlea. Kisha nikapanda barazani, nikatembea polepole kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, nikihesabu.

Hatua sita.