Nuru Juu ya Kitanda cha Mbwana

Siku hizi picha ya ubongo haikosei, na sheria inaifuata. Saumu alisimama kando ya kitanda cha mumewe, Mbwana, fundi rangi aliyeanguka kutoka ghorofani. Picha ilielea juu ya kichwa chake, vinuru visivyohesabika vikiwaka na kuzimika kama anga lililoshushwa chumbani.

"Leo ataamka," alisema daktari. "Atatembea, atamjua mama yake. Wewe hatakujua. Pale mlipokuwa ninyi wawili pamezimika, na hapatawaka tena."

Kwa sheria, ndoa yao ilikwisha asubuhi hiyo, maana mgonjwa hafungwi na mtu asiyemkumbuka. Saumu aliruhusiwa kubaki kama mgeni tu.

"Usilie, mwanangu," mama mkwe wake, Bi Maua, alimnong'oneza. "Nilikuposa mara moja, sishindwi mara ya pili. Ila safari hii mahari atoe baba yako."

Saumu akacheka bila kutaka. Papo hapo upande mmoja wa picha ukalipuka kwa mwanga, ukasambaa kama jua linalochomoza, hata daktari akasahau alichotaka kusema.

Mbwana akafumbua macho.

"Mama," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "huyu dada ni nani?"

"Mgeni."

"Ameolewa?"

Bi Maua akamgeukia Saumu.

"Hapana," Saumu akasema, na nuru ikafurika chumba kizima. Ilikuwa nzuri ajabu. Aliitazama mpaka macho yakamuuma, asijue kama ilimwakia yeye, au ingemwakia mgeni yeyote.