Gauni Jeupe Sokoni

Drusilla alimfungua mtoto mgongoni, akamsogeza kwa mwanamke mwenye gauni jeupe aliyesimama kando ya gari la matangazo, sokoni Daraja Mbili.

“Sista, mpime. Uliniambia niache kumnyonyesha, nimpe maziwa yenu ya kopo. Sasa anaharisha tu.”

Utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea. Mwanamke yule aliutazama, kisha akasogea karibu, asisikiwe na dereva.

“Mpeleke hospitali, mama. Mimi si muuguzi. Gauni hili nilipewa na kampuni ya maziwa.”

Drusilla alifungua blauzi papo hapo, akamwekea mtoto titi. Mtoto alinyonya kwa pupa, akaliachia, akalia bila machozi. Lilikuwa limekauka tangu mwezi uliopita.

Kipaza sauti cha gari kiliendelea kuyasifu maziwa ya kopo.

“Basi,” akasema Drusilla, “nipe kopo jingine.”