Jina la Kocha Mgongoni

Yule aliyemvunja kaka yangu meno alinitupia jezi mezani, akataka nibandike jina la kocha mgongoni.

Ni jina lilelile alilonibandulisha mwaka jana, kwenye jezi hiyohiyo, hapahapa kibandani petu Kariakoo. Kivuli cha herufi bado kilionekana.

"Kocha wetu karudi," alisema. "Tajiri kaamua."

"Si ulisema timu ni ya wanachama?" mwenzake aliyekuja naye alimtania.

"Mwanachama ana kadi, tajiri ana hela. Utamlipa kocha kwa kadi?"

Wakacheka.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa tawi la timu, kaka Elimringi peke yake ndiye aliyesema kocha asifukuzwe, apewe muda. Wanachama wenzake, huyu akiwa mbele, wakamwita msaliti, wakampiga. Sasa alikaa nyuma yangu, kiganja mdomoni, kama anavyokaa siku hizi.

"Eli, yale yalikuwa ya mpira tu. Usininunie, bwana," mwenye jezi alimwambia.

"Mfanyie, mdogo wangu," kaka akaniambia.

Nikapanga herufi juu ya kivuli cha zile za zamani. Nikashusha pasi.

Harufu ya nailoni inayoungua ikaanza kupanda.

"Dada, inatosha," mwenye jezi alisema.

Sikuinua pasi.