Kura ya Brandt Crossing

Craig Pruett alikisukuma kisahani cha pai hadi ukingoni mwa meza, kama mtu anayesogeza bakuli la mbwa.

"Sikuja kula," alisema. "Nimekuja kuchukua sahihi. Tusipotezeane muda."

Wajumbe watano wa bodi ya umeme ya Brandt Crossing, mji mdogo wa Dakota Kaskazini, wakatazamana. Pai ile ilikuwa imeokwa na mwenyekiti wao, LaVonne Stensrud, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya watu wa mji huo kusoma. LaVonne alikivuta kisahani taratibu, akakifunika kwa kitambaa.

Mpaka dakika ile, jambo lilikuwa kama limekwisha. Kampuni iliyomtuma Pruett, iliyomiliki nguzo na nyaya kubwa za umeme ilikuwa inajiunga na shirika la gridi la kanda, linalosimamia umeme wa majimbo mengi kwa pamoja, na ilitaka mikataba yake yote ya kusafirisha umeme iingie huko. Mkataba wa Brandt Crossing ulikuwa wa tangu enzi za babu zao, na bado ulikuwa hai. Bila ridhaa ya bodi usingehamishika. Lakini umeme wa huko ulisemekana kuwa nafuu, na bili za baridi ya mwaka ule zilikuwa zimewakamua watu. Wajumbe wengi walikuwa wameshakubali mioyoni mwao. Arlo Fiskum, mwenye ghala la ngano, alikuwa tayari ameshika kalamu.

"Tunataka kuelewa tu, bwana," Arlo alisema kwa upole. "Huu wa zamani una kitu gani ambacho huo mpya hauna?"

"Una upendeleo," Pruett alijibu. "Umeme ukipungua, nyinyi mnakatwa mwisho. Miji mikubwa inakaa gizani, nyinyi huku mnatazama mpira wa magongo kwenye televisheni. Huko tunakokwenda upuuzi huo haupo. Ukija mgao, ni mgao."

"Na nani anaamua akatwe nani?"

"Watu wa chumba cha kuongozea gridi. Wako mbali sana na hapa. Unadhani wanajua Brandt Crossing ni nini? Mimi mwenyewe nimepotea njia nikija."

Alitabasamu. Hakuna aliyecheka.

"Wakikata, wamekata," aliendelea. "Hawaulizi nani ana ng'ombe wa kukamua, wala nani anapumulia mashine pale kwenye nyumba ya wazee. Mtavaa makoti mawili mawili, mtazoea. Si ndiyo maisha mliyoyachagua?"

Arlo akaiweka kalamu mezani.

Watu waliojazana kwenye viti vya nyuma ya ukumbi, wakulima na wake zao, walisogea mbele kusikiliza. Nje, upepo ulikuwa ukisomba theluji barabarani, na baridi ilikuwa ile ya kugandisha machozi jichoni.

"Kijana," LaVonne alisema, "wewe ulilelewa wapi?"

"Nililelewa vizuri sana, mama. Sahihi, tafadhali."

"Ngoja kwanza. Umetuambia hatujulikani. Umetuambia tukigandishwa tutazoea. Kuna lingine ulilobakiza?"

Pruett alitazama saa yake. "Lipo. Msiposaini leo, msinipigie simu mkilia. Mkataba wenu utabaki hivyo hivyo ulivyo mpaka uishe, na mimi sitarudi kuwabembeleza."

"Huyo arudi kufanya nini?" sauti ya mwanamume ilitoka nyuma. "Kuja tu kapotea."

Safari hii watu walicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. Pruett aligeuka, akawatazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Ndiyo maana vijana wenu wanakimbia mji huu."

Hapo hata wale waliokuwa na huruma naye waliishiwa. Mwanamke mmoja alisimama akamwonyesha mlango. LaVonne aligonga meza kwa kiganja, akaitisha kura. Mikono mitano ilipanda kupinga, na wa Arlo ulipanda wa kwanza.

"Mkataba wetu hauendi popote," LaVonne alisema. "Nawe ondoka, kabla sijasahau kwamba mimi ni Mlutheri."

Pruett alifunga mkoba wake kwa kishindo, akatoka bila kuaga.

Nje alikuta gari lake limefukiwa kwa theluji iliyopigwa koleo makusudi, mpaka juu ya kioo. Wanaume walisimama barazani, mikono mifukoni, wakimtazama akiifukua kwa mikono yake. Hakuna aliyemsogelea. Mmoja alitema mate karibu na tairi.

Simu yake iliita akiwa bado anafukua. Alikuwa bosi wake, na sauti ilimfikia kila mtu pale barazani.

"Miji yote imesaini, wewe unashindwa na vikongwe watano? Ulikuwa unaenda kuwapa kalamu tu, Craig. Kuwapa kalamu tu."

"Waligeuka ghafla," Pruett alisema.

"Basi Jumatatu usije ofisini. Vitu vyako utaletewa."

"Sawa."

Mtu fulani barazani alipiga makofi. Pruett aliingia garini, akaondoka, na wanaume wale wakarudi ndani kula pai ya LaVonne.

Hakushika njia ya barabara kuu. Alizunguka nyuma ya kanisa, akaegesha kando ya nyumba ya wazee, jengo refu la matofali mwisho wa mji. Muuguzi alimfungulia mlango wa nyuma bila kumuuliza jina. Chumba cha tatu, mwanamke mzee alikuwa amelala chali, mrija puani, mashine ikinguruma kando ya kitanda chake. Pruett alivua kofia, akaketi, akaushika mkono wake kwa vidole vilivyokufa ganzi.

"Wamekataa, Mama," alisema. "Wote watano. Umeme wenu utakatwa mwisho, kama zamani."