Viganja vya Manjano

Bernardo aliikataa shikamoo ya Advera.

Binti aliirudia, amepiga goti mlangoni kwake pale Gongoni, mjini, lakini baba yake mkubwa hakutoka kijijini Kigwa asubuhi ile kwa ajili ya salamu. Alimkunjulia viganja usoni.

"Unaona rangi gani hapa?"

"Rangi yako, baba mkubwa."

"Ileile niliyozaliwa nayo! Mwenzangu Festo kawa kama papai bivu. Nimelima tumbaku ili wewe usome, leo unanimezesha unga?"

Kijiji kizima kilishajua. Watafiti walileta kirutubisho cha kulinda mapafu ya wavuta sigara. Nusu ya watu wapewe chenyewe, nusu wapewe vidonge vya unga vinavyofanana nacho, kisha walinganishwe. Advera, aliyeajiriwa nao, ndiye aliyegawa makopo ya vidonge. Haukupita muda, viganja vya baadhi ya watu vikageuka manjano. Kijiji kikatoa hukumu yake: aliyegeuka kapata dawa, asiyegeuka ni msindikizaji. Kilabuni Bernardo akabandikwa jina la Bwana Ugali. Kwa mtu anayekohoa kila asubuhi mpaka ashike ukuta, mzaha ule haukuchekesha.

"Hata mimi sijui nani kapata nini," Advera alisema, machozi yakimlengalenga. "Makopo yanakuja na namba tu."

"Namba hazina ndugu. Wewe unaye."

Akaondoka bila kugusa chai.

Yeye na Festo walikausha tumbaku katika bani moja, wakipokezana kuchochea moto. Kopo la Festo lilikaa siku zote kwenye mfuko wa koti, na koti mwilini, hata joto liwe la namna gani. Lakini tangu aliporudi kutoka mjini kutibiwa kifua ("Vichomi tu, rafiki yangu"), Festo akawa analitundika koti kwenye msumari na kwenda kutafuta kuni, hukooo. Harudi upesi.

Bernardo hakujivunga. Alimimina vidonge vya Festo kwenye kopo lake, vya kwake akavitia kwenye la Festo. Kama damu yake mwenyewe imemsaliti, basi acha ajisaidie.

Viganja vyake vikaiva. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, aliwapa mkono hata watu wa benchi la nyuma. Vya Festo vikafifia, na Festo, mtu wa kulalamikia hata chumvi ya mboga, hakusema neno.

Msimu ulipokwisha, Advera alikuja na daktari wa utafiti. Watu wakaketi mbele ya ofisi ya kijiji. Daktari akasema kazi imesimamishwa: kwa mvutaji, kirutubisho kile kinayaharibu mapafu badala ya kuyalinda. Yeyote aliyekimeza akapimwe, tena haraka.

Advera hakungoja amalize. Alimkimbilia Bernardo, anacheka, analia.

"Baba mkubwa, umepona! Namba zimefunguliwa, wewe ulipewa unga!"

Akamshika mikono. Kicheko kikamkatika.

Festo, aliyeketi ubavuni mwa Bernardo, akainama karibu na sikio lake.

"Hospitali walinikataza kuvimeza siku ileile nilipokwenda," alinong'ona. "Nikaona vibaya kuvitupa, Bernardo, na wewe ulivyokuwa unalitolea macho koti langu."